Mstari Mmoja wa Ibara ya 105

Kazi yangu ni kuchapa mabango, kwa hiyo nina sababu za kuupenda uchaguzi kuliko wakazi wengi wa Kampala. Karakana yetu iko Nasser Road, mtaa ambao mgombea yeyote, awe anautaka urais au udiwani, hufika na picha yake mkononi akauliza bei ya mabango elfu moja. Mwaka 1996, Waganda walipomchagua Rais moja kwa moja kwa mara ya kwanza, tulikuwa na mashine moja ya ofseti ya mitumba na gilotini ya kukatia karatasi kwa mkono. Tangu hapo hakuna msimu uliorukwa: 2001, 2006, 2011, 2016, 2021, na Januari 2026. Kila msimu kazi inazidi. Mwaka 1986 nchi hii ilikuwa na wilaya 33. Sasa zimepita 130, na kila wilaya ina mbunge wake mwanamke, mwenyekiti wake na madiwani wake. Bunge la 1996 halikufika watu 300. Lile la 2021 lilizidi 500. Wote hao wanataka bango, na wengi wanalitaka leo jioni.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia kwamba udikteta huanza siku kura inapofutwa. Kwetu kura haikufutwa. Iliongezwa, ikasambazwa, ikapewa rangi. Nimeziona karatasi zikipanda kwenye mashine mwaka baada ya mwaka huku kitu kimoja tu kikipungua: uwezekano wa mtu aliye juu kabisa kuondoka kwa sababu watu wamesema aondoke. Tangu uhuru mwaka 1962, Uganda haijawahi kumwona Rais akimkabidhi mwenzake madaraka kwa amani baada ya uchaguzi. Hata mara moja.

Wazee wetu waliujua udikteta wa njia ya haraka. Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu aliyetokana na uchaguzi wa 1962, chama chake cha UPC kikiwa kimeungana na chama cha Kabaka Yekka. Tarehe 4 Februari 1966, mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni na hoja kuhusu dhahabu iliyovushwa kutoka Kongo, akataja akaunti ya benki ya ofisa mmoja wa jeshi, Idi Amin. Kabla mwezi haujaisha, mawaziri watano walikamatwa wakiwa kwenye kikao cha baraza huko Entebbe, na Katiba ikasimamishwa. Tarehe 15 Aprili wabunge waliipitisha Katiba mpya huku wanajeshi wakiwa wamelizunguka jengo. Nakala zake waliambiwa watazikuta baadaye kwenye visanduku vyao vya barua. Tarehe 24 Mei jeshi liliivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, na Kabaka Mutesa, ambaye kabla ya hapo alikuwa pia Rais wa nchi, akakimbia. Alifia London mwaka 1969. Mwishoni mwa mwaka huohuo, baada ya Obote kupigwa risasi pale Lugogo na kunusurika, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Januari 1971 akaja Amin. Uganda haikupiga kura tena hadi Desemba 1980.

Mzee aliyenifundisha kupanga herufi za risasi, kabla ofseti haijatufikia, alikuwa kijana wakati huo. Kilichomkera kuliko mizinga ya Mengo kilikuwa zile nakala. Mchapaji anajua muda unaohitajika kusoma kitabu cha sheria. Alikuwa akirudia kwamba watu wazima, waliochaguliwa, waliinua mikono kwa kitabu wasichokifungua.

Nadhani 1966 na 1971 zilitufundisha kuogopa vifaru peke yake. Mabadiliko yalipokuja tena yakiwa na mihuri, kamati na posho, wengi wetu hatukuona kwamba ni jambo lilelile.

Yoweri Museveni hakuingia kwa kura. Alitoka msituni Januari 1986 na kuapishwa kwenye ngazi za Bunge. Lakini mwaka 1996 alichaguliwa, akapata zaidi ya asilimia 70, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliompa kura. Nilikuwa na sababu zangu. Ungeweza kusafiri usiku kutoka Tororo hadi Kampala bila kukuta kizuizi cha askari walevi. Mwaka uliofuata shule za msingi zikawa bila ada. Magazeti yaliandika walichokiona waandishi. Kisha zikaja ebimeeza, midahalo ya wazi iliyorushwa redioni: Jumamosi watu walijaa Club Obbligatto, dereva wa teksi akakaa meza moja na waziri, akampinga mbele ya kipaza sauti, na jioni kila mmoja akarudi kwake mzima. Nilihudhuria mara nyingi. Ule ndio uhuru ninaoufahamu kwa masikio yangu mwenyewe. Baada ya ghasia za Septemba 2009, serikali ilipomzuia Kabaka kwenda Kayunga, ebimeeza zilipigwa marufuku, na CBS, redio ya Mengo, ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Katiba ya 1995 nayo ilikuwa tunda la miaka ile mizuri. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi nzima, na wananchi wakapeleka maoni ya maandishi zaidi ya 25,000. Baba yangu, fundi cherehani, alitia saini moja ya karatasi hizo pamoja na wazee wa parokia yetu. Bunge Maalumu lililochaguliwa 1994 lilijadili kwa zaidi ya mwaka, na tarehe 8 Oktoba 1995 Katiba ikatangazwa. Waliokaa kuiandika walikuwa wamemwona Obote, Amin, Obote wa pili, na katikati yao marais ambao hawakumaliza hata mwaka. Kwa hiyo katika ibara ya 105(2) waliandika kwamba mtu asichaguliwe kuwa Rais zaidi ya mihula miwili. Katika ibara ya 102 wakaweka umri: asiwe chini ya miaka 35, wala zaidi ya 75.

Ukiwa na kitabu hicho nyumbani, fungua ibara ya 260. Ina orodha ya mambo ambayo Bunge haliwezi kuyabadilisha peke yake. Lazima wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Imo 105(1), inayosema muhula wa Rais ni miaka 5. Imo 128(1), inayosema mahakama ziko huru. Lakini 105(2) haimo. Mistari miwili ya ibara moja, imechapwa mmoja chini ya mwingine: wa juu umefungwa kwa kufuli, wa chini umeachwa wazi. Theluthi mbili ya wabunge ingetosha kuufuta. Nimekaa na ukurasa huo mara nyingi nikiwafikiria wale wazee wa parokia yetu, walioamini kwamba kuandikwa ni sawa na kufungwa.

Kazi ya kuufuta ilichukua muda, na inafaa kuitazama kwa utaratibu kwa sababu ndipo somo lilipo. Mwaka 2001 Museveni aligombea muhula wake wa pili, na ilani yake ikasema ni wa mwisho. Machi 2003 wakuu wa Movement, kundi lake tawala, walikutana Kyankwanzi, na wazo la kuondoa ukomo wa mihula likatolewa huko, kambini, mbali na macho ya watu. Mawaziri waliolipinga waliachwa nje ya baraza miezi miwili baadaye: Miria Matembe, Bidandi Ssali, na Eriya Kategaya, rafiki wa Rais tangu utotoni. Ikawa wazi kwa kila aliyebaki kwamba cheo kina bei. Mwishoni mwa 2004 wabunge walipokea shilingi milioni 5 kila mmoja, fedha zilizoelezwa kuwa za kuwawezesha kushauriana na wapiga kura. Mwaka 2005 ulipofika wakati wa kupiga kura bungeni, kura ilikuwa ya wazi: mbunge anasimama, anatajwa, anaonekana. Mstari ukafutwa.

Julai mwaka huohuo wananchi tuliitwa kwenye kura ya maoni. Hatukuulizwa kuhusu mihula. Tuliulizwa kama tunataka vyama vingi virudi, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojitokeza walisema ndiyo. Nani angekataa? Vyama tulivitaka kwa muda mrefu. Tukapewa vyama kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kikachukuliwa kile ambacho kingevifanya vyama hivyo viwe na maana.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna jambo jingine. Sheria ileile ya mabadiliko ya Katiba ya 2005 iliyofuta ukomo wa mihula ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mimi nilizaliwa karibu na mpaka wa Malaba, Kiswahili ni lugha ya utoto wangu, na Kampala nimeishi miaka mingi nikikisikia kikiitwa lugha ya wanajeshi na majambazi. Ibara ya 6 iliyoandikwa upya ilinipa heshima niliyoitamani. Nilipoisoma nilifurahi kweli, kisha nikageuza kurasa hadi 105. Hivyo ndivyo kazi hii hufanyika: mambo hufungwa pamoja katika furushi moja, na ndani yake kila mtu anakuta kitu chake. Mmoja anakuta lugha, mwingine chama, mwingine wilaya mpya kijijini kwao.

Mahakama ilipaswa kuwa ukuta. Tarehe 16 Novemba 2005, Kizza Besigye, daktari wa Museveni enzi za msituni ambaye sasa alikuwa mpinzani wake, alikuwa ametiwa mbaroni siku mbili kabla, na washitakiwa wenzake 14 walikuwa wakingoja dhamana Mahakama Kuu. Nilikuwa nimepeleka karatasi za barua kwa ofisi ya mawakili iliyo jirani. Nikawaona wanaume wenye fulana nyeusi na bunduki wakijipanga kwenye uwanja wa mahakama, na makarani wakitoka mbio na mafaili vifuani. Watu wa Kampala waliwaita Black Mambas. Dhamana ilitolewa, lakini washitakiwa waliogopa kutoka mikononi mwa magereza na kuingia mikononi mwa wale watu, wakarudi rumande. Jaji Kiongozi, James Ogoola, alilaani kitendo kile hadharani. Tarehe 1 Machi 2007 kilirudiwa, safari hii kwa kupigana, na majaji wakasimamisha kazi nchi nzima. Kumbuka kwamba uhuru wa mahakama ulikuwa kwenye orodha ya ibara ya 260. Kufuli lilikuwepo. Watu wenye bunduki walipita pembeni yake.

Hata pale ambapo hakukuwa na bunduki, sheria yenyewe iliacha upenyo. Mahakama ya Juu haiwezi kubatilisha uchaguzi wa Rais kwa sababu tu kasoro zimeonekana; lazima zithibitike kuwa ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2001 majaji walikubali kwamba sheria ilivunjwa, kisha wakagawanyika 3 kwa 2, matokeo yakabaki. Mwaka 2006 wakagawanyika 4 kwa 3, matokeo yakabaki. Arthur Oder na John Tsekooko walikuwa upande wa waliokataa mara zote mbili, na mwaka 2006 George Kanyeihamba akaungana nao. Majina hayo watoto wetu wafundishwe. Mwaka 2016 hakuna jaji hata mmoja aliyekataa: 9 kwa 0. Mwaka 2021 Robert Kyagulanyi, ambaye wengi mnamjua kama Bobi Wine, alifungua kesi kisha akaiondoa, akisema haamini atapata haki. Ukizipanga namba hizo kwa miaka yake utaona jinsi ukuta unavyosogea bila kelele.

Kufikia 2017 umri ndio uliobaki. Museveni alizaliwa 1944, kwa hiyo 2021 angekuwa amepita 75. Mbunge Raphael Magyezi akaleta muswada. Mjini watu walifunga vitambaa vyekundu vichwani, na neno likawa moja: togikwatako, usiiguse. Tulichapa neno hilo kwenye fulana, stika na karatasi hadi wino mwekundu ukaadimika Nasser Road. Tarehe 27 Septemba walinzi waliovaa kiraia, wakiwemo wa kikosi maalumu cha jeshi, waliingia ndani ya ukumbi wa Bunge wakawaburuta wabunge nje. Mbunge Betty Nambooze aliumizwa uti wa mgongo. Wabunge walipewa shilingi milioni 29 kila mmoja, tena kwa mashauriano. Tarehe 20 Desemba muswada ukapita, 315 dhidi ya 62.

Furushi la safari hii lilikuwa na kitu cha wabunge wenyewe: walijiongezea muda kutoka miaka 5 hadi 7. Na humohumo, kana kwamba ni fidia kwa wananchi, walirudisha ukomo wa mihula miwili ya urais. Mahakama ya Katiba ilipokaa Mbale Julai 2018, ilibatilisha ile miaka 7 na mengine yaliyoingizwa pamoja nayo, ukomo wa mihula ukiwemo, lakini kuondolewa kwa umri ikakuacha. Jaji Kenneth Kakuru peke yake alisema muswada mzima ulikuwa batili. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikathibitisha, 4 kwa 3. Kwa hiyo mstari wa 105(2) umefutwa mara mbili, mara ya pili ukiwa na umri wa miezi saba tu.

Baada ya hapo hofu iliingia ndani ya karakana. Septemba 2019 Gazeti la Serikali lilitangaza bereti nyekundu kuwa vazi la jeshi. Kilichokuwa alama ya wafuasi wa Kyagulanyi kikawa kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakama ya kijeshi. Wateja wakaanza kulipa taslimu na kuomba jina la kiwanda lisionekane chini ya bango. Mbunifu wetu mmoja, kijana hodari, aliacha kabisa kazi za siasa, akabaki na kadi za harusi. Novemba 2020, Kyagulanyi alipokamatwa Luuka, mji uliwaka kwa siku mbili. Serikali yenyewe ilikiri vifo 54. Baadhi ya waliokufa walikuwa wakirudi kutoka kazini.

Wapo wateja wangu wanaonijibu kwa hoja nzito, na siwezi kuipuuza. Mama mmoja wa Luweero, ambaye ukoo wake ulimalizwa katika vita vya miaka ya themanini, huniambia kwamba anampigia Museveni kura ili mafuvu yasirudi kando ya barabara. Nimemsikiliza mara nyingi. Ninamwambia kwamba ukomo wa mihula uliandikwa na watu walioyaona mafuvu hayohayo, na waliuandika kwa sababu yake. Obote na Amin hawakuondoka kwa kura kwa sababu hapakuwa na kura ya kuwaondoa, ndiyo maana waliondolewa kwa risasi. Yeye hunijibu kwamba mimi sikuwepo Luweero. Ni kweli.

Majirani wamejaribiwa kama sisi, na majibu hayakufanana. Zanzibar, mwaka 2000, Salmin Amour alitaka muhula wa tatu. Chama chake mwenyewe, CCM, kikamkatalia, akaondoka. Kwenye urais wa Muungano wa Tanzania, Mwinyi, Mkapa na Kikwete waliondoka kila mmoja kwa wakati wake, ingawa 2025 ilionyesha kwamba hilo halitoshi: chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwepo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa shitaka la uhaini. Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, majaji walibatilisha uchaguzi wa Rais aliye madarakani. Mbali zaidi, Hugo Chávez aliwauliza Wavenezuela mwaka 2007, katika furushi la mabadiliko, kama mihula ya Rais iondolewe kikomo, wakakataa. Mwaka 2009 akawauliza tena, wakakubali. Kwa hiyo hata kura ya maoni si dawa ya kila kitu. Tofauti ya Zanzibar na Kyankwanzi, kwa jinsi ninavyoiona, ni watu wachache wa chama tawala waliokuwa tayari kusema hapana mbele ya mkubwa wao, na wenzao wakawaunga mkono badala ya kuangalia pembeni.

Novemba 2024 Besigye alitekwa Nairobi, akaonekana siku chache baadaye katika mahakama ya kijeshi ya Makindye. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema raia hawapaswi kushitakiwa huko. Ilikuwa hukumu ya ujasiri, na nilichapa muhtasari wake kwa gharama yangu. Kufikia Juni Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwarudisha raia katika mahakama hizo, na Rais ameshaitia saini.

Msomaji wa Nairobi, fungua ibara ya 255 ya Katiba yenu ya 2010: muhula wa Rais umo kwenye orodha ya mambo yasiyoguswa bila kura ya maoni. Mlinde orodha hiyo. Msomaji wa Dar es Salaam, mihula miwili imo ibara ya 40, na ibara ya 98 inaliruhusu Bunge kuibadilisha kwa theluthi mbili, bila kukuuliza wewe. Sisi wa Kampala tunapaswa kudai mstari wetu urudi, safari hii ukiwa peke yake, bila miaka 7 ya wabunge na bila zawadi yoyote ya kuufunika, na ibara ya 260 iongezwe herufi moja katika orodha yake ili 105(2) iwemo.